Milango Laki Nne

Usiku ule tulikaa sebuleni wanne, simu ya mwanangu iko juu ya meza kama mgonjwa, kila mtu anaitazama na hakuna anayeigusa. Mwenyewe asingeweza hata kama angetaka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji kuanzia kidole gumba hadi karibu na kiwiko, na wa kushoto ulikuwa umeanza kuuiga mwenzake.

Tulikuwa tunasubiri jina lake. Kampuni iliahidi kwamba kabla ya siku kwisha itawapelekea ujumbe wale waliothibitishwa kazini.

Kazi yenyewe ilinichukua wiki tatu kuielewa. Mwanangu hukaa mbele ya kompyuta kwenye kona ya chumba chake, akionyeshwa picha za milango. Mlango ukiwa wazi, anabofya huku. Ukiwa umefungwa, anabofya kule. Basi. Wanasema kuna mashine mahali inafundishwa kuitambua milango. Baba yake, ambaye ni seremala, aliuliza kwa nini hiyo mashine isipige hodi kama watu wengine.

Ili uthibitishwe sharti umalize milango laki nne katika miezi mitatu. Alipofika laki mbili na elfu sitini, kifundo cha mkono kikavimba. Vikombe vikawa vinamponyoka. Siku moja nilimkuta anachana nywele kwa kusogeza kichwa, kitana amekishika kimetulia, nikamkokota hospitali siku hiyohiyo. Daktari akasema kano zimechoka kwa kurudia jambo moja. Apumzike wiki sita na aonwe na mtaalamu wa viungo. Kampuni nayo ikajibu, kwa adabu kabisa, kwamba likizo ya matibabu ni haki ya waliothibitishwa tu. Yaani ili mkono upone, kwanza aumalize.

Zilikuwa zimebaki siku ishirini. Nikakaa kitini mimi.

Tuligawana zamu. Mimi asubuhi, mama mkwe wangu mchana, mume wangu jioni akitoka kazini. Binti alisimama nyuma yetu na bendeji zake kama msimamizi wa mtihani. Mimi nilikuwa mwoga. Kila mlango niliutazama mara mbili nisije nikamharibia. Mama mkwe alikuwa hataki kabisa milango ya vyumba vya kulala. Alisema si heshima kuchungulia vyumba vya watu, akifikiwa na picha hiyo anafumba macho na kuniita. Halafu kulikuwa na milango iliyoegeshwa tu. Binti alimweleza kwamba mwanga ukipita, huo uko wazi. Bibi akasema mlango usiokomewa uko wazi hata kama mwanga haupiti, kwa sababu mwizi haulizi habari za mwanga. Mume wangu ndiye alikuwa mbaya kuliko wote. Chini ya kila picha kuna nafasi ya maoni, na yeye, kwa kidole kimoja, alikuwa anaandika: bawaba zimepigwa juu chini. Au: fremu imepinda, fundi arudishwe.

Siku ya kumi na tisa tukamaliza. Kifundo changu kilikuwa kinalia kama kiatu kipya. Bibi hakuweza kufunua sufuria. Mume wangu alishika nyundo kwa mkono wa kushoto akasingizia misumari. Jioni tulipakana dawa ya misuli kwa zamu, nyumba nzima ikanuka kama chumba cha wachezaji mpira.

Ndipo simu ikalia. Nikausoma ujumbe kwa sauti: msimamizi angefika saa tatu asubuhi kuhusu uthibitisho, na kompyuta iwe tayari.

"Wamejua," mume wangu akasema.

 Binti alikwenda kulala na viatu, kwa sababu hakutaka kumwomba mtu amfungulie kamba.

Alfajiri mume wangu aliondoka kwenda kupachika madirisha ya shule. Mlango wetu usipokomewa hujifungua wenyewe, na kitasa chake ni kigumu, amekitia yeye, miaka sita sasa namwomba akilegeze. Mganga hajigangi. Aliukomea kwa nje, kwa mkono wa kushoto na goti, akanirushia ufunguo kupitia nondo za dirisha.

Saa tatu kamili hodi ikapigwa. Nikaitikia, nikatia ufunguo kitasani, nikazungusha. Maumivu yakapanda hadi begani na ufunguo haukusogea. Bibi akajaribu kwa mikono miwili. Binti akapiga magoti akaung'ata kwa meno.

"Mama, kama nimekuja vibaya niambie," sauti ikasema nje.

"Umekuja vizuri, baba. Kitasa tu hiki."

Nikampitishia ufunguo dirishani. Alikuwa kijana wa shati lililopigwa pasi, mkono mmoja mfukoni. Akajaribu kwa kushoto, akashindwa, akautoa wa kulia. Ulikuwa na bendeji.

"Madirisha," akasema. "Laki sita. Kabla hawajanipandisha cheo."

Akaketi kwenye kizingiti akatueleza shida yake. Wakubwa walikuwa wameona mkono wa binti yangu una tabia nne: mmoja mwepesi, wa asubuhi unaogopa, wa mchana unaona haya, wa jioni unagombana na mafundi. Ametumwa amwone kwa macho yake akitambua milango kumi. Akishindwa, anayo barua ya kumwachisha. Akifaulu, anayo nyingine.

Nilimtazama mwanangu. Vidole vilivyochungulia kwenye bendeji vilikuwa vimevimba, na kompyuta ilikuwa inamsubiri kwenye kona yake.

"Mkono wa kwanza ni wake," nikamwambia yule kijana. "Hiyo mingine ni yetu. Kama kuna kosa, liandike hapa kwangu."

Akatoa fomu, akaishikilia chini ya kiatu isipeperuke.

"Dada, huu mlango uko wazi au umefungwa?"

Binti akanitazama. "Umefungwa."

"Umekomewa," bibi akasema. "Kuna tofauti."

Kijana akatia alama kwa mkono wa kushoto. "Wa pili. Huu mlango uko wazi au umefungwa?"

Akauliza mara kumi. Mara ya sita sauti ya mwanangu ilianza kutetemeka, na sikujua kama ni kicheko au kilio. Ya kumi alikuwa ameegemea ubao wa mlango kwa paji la uso. Kijana akapitisha barua kati ya nondo. Niliipokea kwa viganja viwili, vidole havikutaka kukunja. Wiki sita, na mtaalamu wa viungo.

Nikamwambia asubiri, mume wangu hachelewi, tumfungulie anywe hata chai.

"Msiufungue, mama," akasema, akiubana mkoba wake kwa kiwiko. "Angalau mpaka nifike kituoni. Nimeandika umefungwa."