Kidole Gumba cha Koplo

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya tiba ya viungo hapa Kampala, Mkuu wa Kitengo alinikabidhi mguu wa mgonjwa kabla hajanionyesha pa kuweka mkoba. Nilikuwa nimetoka Kisumu na cheti kipya. Akaniambia, "Binti, hapa haturudishi nguvu. Tunazuia viungo visikakamae." Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu mpaka nilipostaafu.

Nilihamishwa mtaa wa Ntinda, kisha Kansanga, humu humu Kampala, na huko nikamkuta Koplo, polisi mstaafu wa Gulu. Alikuwa na ugonjwa wa neva zinazoamuru misuli: neva zinakufa, misuli inanyauka, akili inabaki nzima. Nguvu ya misuli tuliipima kwa alama, sifuri hadi tano. Kidole gumba chake kilikuwa na alama moja, yaani msuli unacheza kidogo chini ya ngozi lakini kidole hakisogei. Miaka yote nilikinyoosha na kukikunja, na mkewe akiwa sokoni Ggaba nilimlisha uji pia. Aliniita musawo, kama watu wa hapa wanavyomwita daktari, nami sikumkataza.

Kisha akaja Daktari wa Utafiti na seli shina, seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine. Walizitoa kwenye uboho wa nyonga ya Koplo, wakazirudisha mgongoni kwa sindano. Mkewe aliziita mbegu. Tangu hapo musawo akawa daktari yule, mimi nikawa "mama wa kunyoosha". Wivu ulinishika, nasema wazi. Nilizionea wivu seli nisizoweza hata kuziona!

Baadaye kidole kikaanza kusogea. Nikamuuliza daktari sababu, akajibu kwa upole, "Mama, siwezi kuapa kama ni seli au ni mikono yako. Na huenda kisidumu." Nilitaka ayaseme hayo mbele ya Koplo. Hakuyasema.

Asubuhi moja Koplo aliniomba nimwekee simu chini ya kidole. Akabonyeza mwenyewe, polepole, jasho likimtoka. Simu yangu ilikuwa mfukoni, nikangoja ilie.

"Musawo," akasema akicheka, "kidole kimerudi."

Alikuwa akiongea na daktari.

Watu husema tenda wema nenda zako. Jamani, mimi kazi yangu ilikuwa kubaki. Sasa vijana mnaniuliza kama seli zile zinaponya. Sijui, na daktari naye hajui. Ila kidole kile, kabla hakijawa cha daktari, kilikuwa changu.