Wabunge Watatu kwenye Mazishi ya Kukhu

Siwapendi wabunge wetu, wa sasa na wa zamani, na sababu yangu si ya siasa. Waliingilia mazishi ya kukhu, nyanya yangu aliyemzaa baba. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusoma historia yake siku hiyo. Alinichagua mwenyewe akiwa bado anaongea.

"Wewe ndiye utasoma," aliniambia. "Hawa wengine wataongeza mambo yao hapo. Wewe hata salamu inakushinda, utaongeza nini?"

Ni kweli. Darasani mwalimu akiniuliza kitu, nashindwa kulitoa jibu na huku ninalijua. Lakini kwa kukhu nilikubali. Nikitoka shule nilikuwa nakaa kando ya kitanda chake, yeye anasema, mimi naandika.

Shida ni kwamba kukhu hakuwa na tarehe. Alikuwa na wabunge. Ukimuuliza baba alizaliwa mwaka gani, anakwambia ni wakati wa yule aliyeleta trekta la kubeba miwa, akashindwa uchaguzi, akaondoka nalo. Kuka, babu yangu, alikufa wakati wa yule wa mlolongo. Uchaguzi huo hapakuwa na karatasi za kura. Watu walipanga foleni nyuma ya picha ya mtu wanayemtaka. Kukhu alisimama kwenye foleni iliyofika hadi kwa shamba la jirani. Foleni fupi ndiyo ilitangazwa imeshinda.

"Nikauliza, jamani, si tunaona sote?" alisema. "Wakaniambia mama, nenda nyumbani upike."

Kisha akafika kwa yule wa daraja. Huyo aliweka jiwe la msingi kando ya mto wetu, akapigwa picha, akaenda. Wakati wake ndipo senje, dada yake baba, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mto ulikuwa umefurika na hospitali iko ng'ambo. Alifia ukingoni, yeye na mtoto. Kukhu akasema, "Hiyo usiruke. Hata wakikukasirikia."

Mbunge wa sasa alikuwa msaidizi wa huyo wa daraja kabla ya kumgeuka na kumshinda. Naye anaahidinga daraja kila kampeni.

Kwa hivyo niliandika kila kitu. Jioni moja kabla ya mazishi, baba mdogo, ambaye ndiye angekuwa emsii wa kuongoza mazishi, akaniomba karatasi, akaisoma, akanitazama.

"Hii ya mto toa."

"Kukhu alisema nisiitoe."

"Mheshimiwa anakuja. Hizo hema unadhani zimetoka wapi?"

Nilichukua karatasi yangu. Kwenye programu zilizochapishwa sentensi ya senje haikuwepo. Kwenye karatasi yangu niliiacha.

Huku kwetu hakuna mazishi bila wanasiasa, na wana mpangilio wao: mdogo anaongea kwanza, mkubwa anamaliza. Siku hiyo walifika watatu, na kila mmoja alitaka kumaliza. Yule wa mlolongo, mzee sasa, akiwa ameshikwa mkono, alisema kwa umri wake yeye ndiye wa kumaliza. Yule wa daraja akakataa katakata kuongea kabla ya mbunge wa sasa.

"Huyu alikuwa ananibebea mkoba!" alisema, maiki ikiwa imewashwa.

Watu wakacheka. Jeneza la kukhu likiwa hapo mbele, watu wakacheka! Baba mdogo alikimbia huku na huku akiwabembeleza. Mwishowe waliongea wote, kwa kirefu, wakirushiana maneno, mpaka mawingu ya mchana, yale ya kila siku hapa Kakamega, yakaanza kujikusanya. Mchungaji akaonyesha juu kwa kidole.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na karatasi yangu.

"Historia ya marehemu mko nayo kwenye programu," baba mdogo akatangaza. "Mtajisomea."

Mbunge wa sasa alikuwa bado ameshika maiki yake. "Mama huyu alinipigia kura nyakati zote," alisema. "Na kwa heshima yake, daraja linakuja."

Sijui nini kilinipata. Nilisema, "Senje alikufa kwenye mto huo." Sauti yangu ilikuwa ndogo sana, ikafika safu ya mbele tu.

"Msichana anasema nini?" mheshimiwa akauliza.

"Anakushukuru, mheshimiwa," baba mdogo akajibu haraka.

Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa akatabasamu. "Usiogope, mama. Kuja hapa useme na maiki, wote wasikie." Akaniwekea maiki mdomoni mwenyewe.

Nilisoma sentensi moja tu. Nilisoma jina la senje, mto, mtoto wake, na jiwe la msingi lililokuwa limeshawekwa. Karatasi ililia kwenye maiki.

Hakuna aliyepiga makofi. Mheshimiwa alinyakua maiki, akamgeukia yule wa daraja. "Wazee, mwulizeni huyu. Jiwe ni lake."

"Pesa zilikuja ukiwa wewe!" mwenzake akafoka. "Ulimpelekea nani?"

Yule wa mlolongo naye akainuka kwa shida akisema enzi zake hakuna mtu alikufa mtoni, na wanawake wa nyuma wakamzomea.

Mvua ikaanza. Baba mdogo alinipita bila kuniangalia, na mpaka leo hajaniongelesha vizuri. Kurasa zangu zingine hazikusomwa. Mchungaji hakuwangoja waheshimiwa. Tulimshusha kukhu tukilowa, mama wa kanisa wakiimba kwa nguvu zote ili kuwafunika wale watatu, waliobaki kwenye hema, pakavu, wakinyoosheana vidole.