Gego la Upande wa Kulia

Nilifika machimbo ya dhahabu ya Segese nikiwa nimesinzia kwenye mabasi mawili na kuamka kwenye la tatu. Nilitoka Songea, nikapita Makambako na Iringa, nikabadili basi Dodoma, nikabadili tena Nzega, na kutoka Kahama nikamalizia kwa pikipiki, begi likiwa limebanwa kati yangu na dereva. Njia nzima nilitafunia upande wa kulia. Upande wa kushoto nyuma palikuwa na fizi tupu, kwa sababu katika machimbo yote niliyopitia tiba ya jino ilikuwa moja tu, kung'oa. Jino moja nililiacha Chunya, jingine Mirerani. La tatu sikumbuki niliachia wapi, nakumbuka tu mvua iliyokuwa ikinyesha. Nikiwa na miaka arobaini na kitu, gego kubwa la chini upande wa kulia ndilo lililokuwa likinilisha.

Nilipata nafasi kwenye duara moja, shimo jembamba la kushuka kwa ngazi za magogo. Nililala kibanda kimoja na Msukuma aliyekulia Mwadui, ambako baba yake alifanya kazi kwenye almasi. Yeye alikuwa na maneno mengi asubuhi na kimya jioni, mimi kinyume chake, kwa hiyo tuliishi vizuri.

Jino lilianza kuuma kwa chai ya moto. Baadaye likauma kwa maji baridi, kisha likawa linauma lenyewe bila kuchokozwa. Mwenzangu akanikuta nimeshika shavu.

"Unalilia jino moja? Mimi ninayo yote na hakuna hata moja lililonitafutia mke."

"Likikuuma utajua."

"Likiniuma nalitia maji ya betri, linakufa siku hiyohiyo."

"Na ulimi wako ufe pamoja nalo, tupumzike," alisema mama aliyekuwa akitupikia. Akanigeukia. "Nenda mjini, baba. Huyu usimsikilize."

Mvua zikajaza maji kwenye duara, kazi ikasimama, nami nikapata upenyo. Nilikwenda Shinyanga mjini, nikapanga chumba cha kulala wageni Ngokolo, asubuhi nikaenda kwa daktari wa meno. Alikuwa binti mdogo. Aliniamkia shikamoo kabla hajavaa glavu.

"Marahaba. Ng'oa tu, daktari."

"Nikung'oe jino linaloweza kupona, kwa nini?"

Alinieleza taratibu. Jino lilikuwa limeoza hadi kwenye kiini, na mshipa wa ndani ulikuwa unakufa. Angelifungua, atoe uozo wote hadi kwenye mizizi, aweke dawa, alizibe kwa muda. Wiki inayofuata nirudi asafishe tena na kuliziba moja kwa moja.

"Likiacha kuuma usidanganyike," alisema. "Kinachouma ndicho ninachokitoa. Vijidudu vinaweza kubaki kule chini, vikaendelea kula kimyakimya."

Alilifungua, akaliziba, na usiku ule nililala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau. Nikarudi Segese nikipiga mluzi.

Wiki ya kurudi ilipofika, mawe ya chini yalikuwa yameanza kubadilika rangi. Kwenye maduara kuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna anayeivunja: mwamba wenye dhahabu ukikaribia, mtu hatoki. Anayetoka anaondoka na nyota ya wenzake, na mawe yakipanda juu hana fungu. Nilimfuata mwenye duara, mzee mpole asiyependa kupandisha sauti.

"Mzee, nina siku yangu ya kurudi kwa daktari."

"Jino linauma?"

"Haliumi."

"Sasa daktari unampelekea nini?"

Watu walicheka hadi mmoja akakaa chini. Nami nikacheka. Nikashika ngazi, nikashuka.

Mwamba ulitoka, tukagawana mawe kwenye viroba, tukayapeleka karasha yakasagwe. Haukuwa mwamba wa kumtoa mtu kwenye kibanda. Kabla hatujapumzika wakasema mwingine upo karibu, chini kidogo tu, na mimi nikasema nitakwenda ukishatoka. Siku moja nikitafuna michembe, ile dawa ya kuzibia ikatoka pamoja na kipande cha kiazi. Nilipapasa kwa ulimi. Palikuwa na shimo, lakini hapakuwa na maumivu, nikaendelea kula.

Kisha asubuhi moja niliamka jicho la kulia limefumba. Taya lilikuwa limevimba hadi shingoni, kijiko hakipiti mdomoni, na mwili unatetemeka kwa homa. Mwenye duara aliponiona alisema neno moja, "Mpelekeni." Mwenzangu aliniweka katikati kwenye pikipiki, akanishika kiunoni hadi kituo cha basi, na njia nzima hakutania.

Yule binti hakunigombeza, nikatamani angenigombeza. Alinionyesha kwenye picha kivuli cheusi chini ya mizizi, mahali ambapo mfupa ulikuwa umeliwa, na ufa uliokuwa umelipasua jino hadi chini.

"Ungerudi ile wiki, baba. Sasa sina cha kuziba."

Alitoa usaha, akanipa dawa, na uvimbe ulipopungua akaling'oa.

Huwa nawaambia wachimbaji ninaokutana nao: jino likiuma, nenda likatibiwe mzizi kabla halijaharibika. Kwenda wakati linauma kila mtu anaweza. Kurudi wakati haliumi ndiko kugumu.

Nilirudi Segese kuchukua blanketi. Walikuwa wanasema tena mwamba upo karibu.

"Mzee anasema nafasi yako ipo," mwenzangu alisema. "Kaa basi hata wiki hii."

Niliitazama ile ngazi ya magogo nikasikia uchovu ambao haukutoka kwenye taya peke yake. Nikampa mkono. Mama mpishi alinifungia uji kwenye chupa.

Basi liliposimama Singida, wauza kuku walijaa madirishani kama kawaida yao. Nilinunua paja kwa mazoea, nikakaa nalo mapajani.

"Mbona huli, kaka?" aliuliza jirani yangu wa kiti.

"Nitakula nikifika."

"Unafika wapi?"

Nikamwambia tiketi yangu inaishia Dodoma, nikampa lile paja.