Mkono Baridi wa Fundi Baltazari

Hebu mfikirie anavyokuja. Ni Jumapili ya mwezi wa saba, Katandala, mjini Sumbawanga, misa ya kwanza imekwisha, na upepo wa Ufipa unapita katikati ya watu bila kubisha hodi. Wanaume wamevaa makoti, wengine mawili mawili. Kina mama wamejitanda vitenge juu ya masweta. Naye anakuja kwa miguu, maana bodaboda hapandi tena, na sababu utaisikia. Shati la mikono mifupi, limenyooshwa vizuri. Kichwa wazi. Ukimwona usoni utadhani hajui kuna baridi duniani. Ila mkono wake wa kulia, kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko, umevikwa soksi. Soksi ya shule, ya kijivu, yenye mistari miwili ya bluu.

Huyo ndiye Baltazari, fundi seremala. Ukilala kitanda Katandala, huenda amekitengeneza yeye. Ukifa, huenda na jeneza ni lake.

"Fundi, leo baridi imepiga upande mmoja tu?" anaulizwa na wanaume waliosimama penye jua.

"Mwacheni, mkono wa kushoto uko Dar es Salaam, umekwenda kutembea!"

Wanacheka. Baltazari naye anacheka, maana mtu akikutania ukanuna, hapo ndipo ugonjwa unapokuwa mkubwa.

Ajali yenyewe ilikuwa ya adabu. Mwaka jana alikuwa kwenye bodaboda, anakwenda Mollo kuangalia mahindi yake, akamwona mama mkwe wake anakuja na jembe begani. Sasa, Mfipa aliyelelewa hawezi kumpita mkwe wake kama anapita nguzo ya umeme. Mkwe hupigiwa makofi ya heshima, taratibu, huku umejiinamia. Baltazari akaachia alikokuwa ameshikilia, akajiinamia, akapiga makofi. Alipiga mawili. La tatu lilikutana na shimo, pikipiki ikaenda zake, na fundi akabaki barabarani na kifundo cha mkono kilichovunjika. Mama mkwe alisema tangu aoze binti zake hajawahi kusalimiwa vizuri namna ile.

Akafungwa hogo, lile plasta gumu jeupe, wiki sita. Lilipofunguliwa, mfupa ulikuwa umeunga safi, daktari akaupigapiga kama mtu anayekagua tikiti. Lakini mkono wenyewe haukurudi. Ulikuwa baridi kama umetolewa kisimani, umeiva rangi ya zambarau, unatoka jasho bila kazi. Baridi nje, moto ndani: kitambaa kikiugusa, anaona kama pasi imepita. Ndiyo maana koti halivai. Mkono wa koti ni adui yake. Soksi aliizoea kidogo kidogo, kwa mwezi mzima, kama mtu anayezoea mke wa pili.

Hospitalini akakutana na Kristiana, dada wa mazoezi ya viungo, mwanamke mwenye sauti ya upole na vidole visivyosikiliza kilio.

"Baba, mfupa umepona," Kristiana alimwambia. "Mishipa ya fahamu ndiyo haijapata habari. Ni kama mlinzi aliyeambiwa kuna mwizi, mwizi akakamatwa, akafungwa, na yeye bado anapiga filimbi."

"Sasa nani atamwambia anyamaze?"

"Wewe. Kila siku, kidogo kidogo."

Akampa kazi tatu. Ya kwanza, mkono uvikwe, upate uvuguvugu, lakini moto na maji ya kuchemka marufuku. Ya pili, kila siku autie kwenye ungo wa ulezi, autembeze humo taratibu, ngozi ijifunze tena kuguswa. Ya tatu ndiyo iliyoleta balaa: atafute kioo, mkono mgonjwa aufiche nyuma ya kioo, mzima auweke mbele, autazame kiooni ukifungua na kufunga vidole, mpaka kichwa kidanganyike kwamba mikono yote miwili ni mizima.

Mtu mwingine angeegemeza kioo kwenye ndoo. Lakini Baltazari ni fundi, na fundi hawezi kudanganya kichwa chake kwa kazi mbovu. Kwa mkono wa kushoto, kwa siku kumi na moja, alitengeneza sanduku: kioo ubavuni, tundu la kuingizia mkono, bawaba mbili za shaba. Mbao zilikuwa masalio ya jeneza. Vanishi nayo ilikuwa masalio ya jeneza, nyeusi, ya kung'aa. Likapendeza sana. Lingekuwa baya kidogo, yote haya yasingetokea.

Maana alasiri moja jirani yake Lucia alikuja kuazima ungo. Lucia ni mwenyekiti wa jumuiya, rozari haimtoki mkononi, na macho hayamtoki kwenye ua wa matete. Akachungulia. Akamwona Baltazari amekaa peke yake karakanani, ameingiza mkono kwenye sanduku jeusi la mbao za maiti, anatazama kioo bila kupepesa, ulezi umemwagwa mbele yake, na anasema polepole: "Fungua. Funga. Fungua. Funga."

Ungo hakuuazima tena.

Watu husema jina la Sumbawanga maana yake ni kuutupa uchawi. Kisichoelezwa ni ulitupwa wapi, na kila mtu anaamini ulitupwa kwa jirani. Kwa hiyo ilichukua siku mbili tu Baltazari kuitwa mchawi. Jumapili iliyofuata, padri aliposema tutakiane amani, amani ilimfikia Baltazari kutoka mbali, kwa kutikiswa kichwa. Waliowahi kumshika mkono wakakumbuka ulivyokuwa baridi, wakaelewa. Wale wale waliomletea mafuta ya kondoo na kumshauri autumbukize mkono kwenye pombe ya ulezi inayochacha, sasa wakasema wao waliona tangu mwanzo.

Na jioni ya Jumanne, wakaanza kuja. Kwa mlango wa nyuma. Wa kwanza alikuwa Lucia mwenyewe, kafunika kichwa kwa kitenge.

"Baba Faith, mimi siamini mambo haya," alinong'ona. "Nataka tu kujua aliyechukua bata wangu."

"Mama, mimi naumwa mkono."

"Najua, najua. Mimi sitamwambia mtu. Ni yule wa nyumba ya kona, sivyo?"

Baltazari angeyacheka haya yote mpaka yaishe, kama si binti yake. Faith alikuwa amechumbiwa na Flavian, kijana mkulima wa Msanzi, mpole, mwenye macho ya kumwangalia Faith tu. Jumamosi ile wazee wa Msanzi walikuwa waje kutoa neno la mwisho na kupanga siku. Na Msanzi si mbali. Habari hufika kabla ya basi.

"Soksi uivue," alisema mkewe Cornelia, Ijumaa, akihesabu maagizo kwa vidole. "Sanduku ufunike. Na neno ugonjwa lisikutoke. Ukisema ugonjwa watauliza ni wa ukoo gani, na Faith ataozea hapa na mimi."

"Na wakiuliza ya uchawi?"

Cornelia akafikiri. "Hilo wakiuliza, cheka tu."

Wakaja watu wanne, na mbele yao mshenga, Rafaeli, mjomba wa Flavian, mwanaume mpana mwenye kiganja kigumu kama mpini wa jembe. Ukitaka kumjua mtu wa Ufipa, usimtazame anavyokula, msikilize anavyosalimia. Rafaeli aliukamata mkono wa Baltazari, mtupu, bila soksi, akaufunika kwa wake wa pili, na salamu zikaanza.

"Hamjambo hapa?"

"Hatujambo," alisema Baltazari. Moto ulianzia kidoleni.

"Watoto?"

"Wazima." Moto ukafika kwenye kifundo.

"Mama mkwe wa Mollo?"

"Mzima kabisa." Kiwiko.

"Mahindi yamejaa? Ulezi? Mbolea ya ruzuku mliipata? Ng'ombe? Kuku je, ule ugonjwa wa kuku haukupita?"

"Ulipita, ukarudi," alisema Baltazari, machozi yakimlengalenga, na katika maisha yake hakuwahi kuwachukia kuku kama siku ile. Nyuma ya pazia Faith alikuwa amesimama, ameshika sinia la vikombe, anatazama mikono ile kana kwamba maisha yake yote yamewekwa katikati yake. Na kweli yalikuwa yamewekwa. Baltazari hakuuvuta mkono.

Rafaeli hatimaye aliuachia. Akakitazama kiganja chake mwenyewe, akakifuta kwenye koti, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonja mchuzi na kuukuta ulivyosifiwa.

Chai ilipokwisha, akasimama. "Mkwe, nionyeshe karakana yako. Nasikia una kazi nzuri."

Karakanani alikwenda moja kwa moja kwenye kile kilichofunikwa gunia, akalifunua, akaliona sanduku, akalifunika tena kwa heshima.

"Nisikilize," alisema kwa sauti ya chini. "Kule Msanzi kuna mtu amenisogezea mpaka wa shamba. Hatua tatu. Serikali ya kijiji imekuja mara mbili, wamekula kuku wawili, mpaka uko pale pale. Mimi sitaki afe. Nataka tu ujue jina lake, umguse kidogo kwa mkono huo. Apate baridi."

Baltazari alilitazama gunia. Angeweza kunyamaza. Cornelia alishasema acheke tu. Lakini mkono ulikuwa bado unawaka kutokana na kuku na mbolea, na maumivu yakizidi, uongo nao huwa mzito kuubeba.

"Mkwe, mimi si mganga," alisema. "Nilivunjika. Mishipa ya fahamu imeharibika. Baridi hii ni ugonjwa, na unauma usiku na mchana. Sanduku ni la mazoezi, nimeambiwa hospitali. Njoo uone."

Akalifungua. Akaingiza mkono, akamwonyesha kioo, akafumba na kufumbua vidole vya mkono mzima. Akaeleza kila kitu, taratibu, kama alivyoelezwa na Kristiana, mpaka yule mlinzi na filimbi yake. Rafaeli alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kicheko cha mtu aliyekuja na shaka na sasa imemwisha.

"Safi sana! Waongo ndio hujitangaza, wana mpaka vibao barabarani. Wa kweli husema naumwa." Akampiga begani, kwa bahati nzuri la kushoto. "Ukoo wetu hauna mtu kama wewe. Nilikuja kuchunguza kama mna magonjwa, maana mtoto wetu haoi kwenye ukoo wa magonjwa. Nimeridhika."

Akarudi sebuleni, akasema mbele ya wote kwamba Msanzi wamekubali, na ndoa iwe mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Cornelia akapiga vigelegele vikasikika mpaka kwa Lucia. Faith akatoka mbio nyuma ya pazia, akamkumbatia baba yake, akamshika mikono yote miwili, akaiminya kwa furaha.

"Asante, baba!"

"Karibu, mama," alisema Baltazari, akitabasamu kwa meno yote, kwa sababu bila kuyauma asingeweza kusimama.

Sasa sikia yaliyofuata. Wiki mbili baadaye Kristiana aliupima mkono, akaushika kwa vidole vyake visivyo na huruma, na kwa mara ya kwanza Baltazari hakuruka.

"Baba! Umeanza kupata joto. Na rangi inarudi. Ukiendelea hivi hivi, mwezi wa tisa, wa kumi, utashika randa."

Alirudi nyumbani akitembea kama kijana. Akamwambia mkewe. Cornelia akafurahi, kweli alifurahi, mpaka akashukuru kwa ishara ya msalaba. Kisha akakaa kitako.

"Mwezi wa kumi?"

"Ndiyo."

"Rafaeli atakushika mkono kanisani, mbele ya ukoo wote, akute una joto kama wa mtu yeyote. Aseme alidanganywa."

"Mimi nilimwambia ukweli, Mama Faith. Kwa kinywa changu hiki."

"Ukweli wako nani aliuamini?" Cornelia akainuka, akaenda karakanani, akarudi amebeba sanduku kwa mikono miwili, akalisukuma chini ya kitanda, mpaka ukutani. "Mkono umekaa na baridi mwaka mzima. Hauwezi kusubiri miezi mitatu?"

Basi yuko pale, Baltazari, jioni hii, ukingoni mwa kitanda alichokitengeneza mwenyewe. Mkono umelala gotini ndani ya soksi, na yule mlinzi wa ndani ameanza tena kupuliza filimbi. Sebuleni Faith anashona shela huku anaimba. Na sanduku liko chini yake, si mbali, akiinama tu analifikia kwa mkono wa kushoto. Wewe ungekuwa fundi, ungeinama?