Gia ya Pili ya Mara Moja

Mtaa mzima ulimwita Mara Moja, na jina hilo hakupewa kwa kejeli. Alilipata kwa kazi. Pikipiki ikiletwa kibandani kwake ataisikiliza, ataipanda, atashuka, atakaa kimya, kisha ataifungua injini mara moja tu. Akishaifunga, imefungwa. Mafundi wengine walifungua na kufunga kama mlango wa choo cha stendi. Yeye kurudia kazi aliona ni aibu. Babake alikuwa fundi wa saa, mtu wa shati safi na maneno machache, aliyemkataza tangu utotoni kupekua-pekua kitu cha watu.

Tena hakumkabidhi mteja pikipiki kabla hajaiendesha mwenyewe. Nyuma ya kibanda kulikuwa na njia ya udongo yenye mashimo, inayopanda hadi kwenye tangi la maji. Gia zote zilipimwa hapo.

"Mimi sipimi gia kwa sikio," alipenda kusema, akijipiga paja la kushoto. "Mguu huu unaijua gia kabla haijaingia."

Na mteja akilalamika kwamba gia zinatoka zenyewe, aliambiwa bila kuzungushwa: "Gia haina kosa, bwana. Wewe una mguu mvivu. Umeulaza juu ya pedali kama umeulaza kitandani."

Watu walicheka, hata mwenye mguu naye akacheka, na mara nyingi ikawa kweli.

Daktari wa mifugo alipoleta pikipiki yake, Mara Moja aliipenda kwa kuitazama tu. Ilikuwa ile ndogo ya njia mbaya, nyembamba, yenye matairi ya magamba, iliyoinuka kama mbuzi anayetaka kupanda ukuta. Daktari, mama wa makamo asiye na mbwembwe, aliitumia kufikia mazizi ambako gari halifiki.

"Gia haziingii, Fundi. Naipiga teke kama punda, na punda mwenyewe simpigi."

"Umeanguka nayo?"

"Kwenye mawe. Ila mimi nilianguka vibaya kuliko yeye."

Hakukimbilia kufungua. Alianza na vya nje, kama ilivyokuwa desturi yake. Alikaza waya wa klachi uliokuwa umelegea. Alimwaga oili, akaipitisha kwenye kitambaa cheupe kutafuta chembe za chuma, asizione. Akashika pedali ya gia, akaipandisha na kuishusha polepole, na hapo akatikisa kichwa. Shafti iliyoshikilia pedali ilikuwa imepinda. Alifungua ubavu wa injini, akaitoa, akaweka mpya, akafunga. Gia zikaingia kama mkono mfukoni.

Kisha akaipeleka kwenye njia ya tangi. Gia ya kwanza ilishika. Akatia ya pili, akapita shimo, na ghafla injini ikapiga kelele, tairi halivuti. Ya pili ilikuwa imetoka, imerudi frii. Alijaribu tena. Ikatoka tena.

Siku ile alishuka akiikokota.

Safari hii alipasua injini yote. Alitoa zile uma za chuma zinazosukuma gia, akazikagua ncha kwenye mwanga. Hazikulika. Akapitisha kidole kwenye meno ya gia ya pili; kingo zilikuwa kali, kama zimetoka kiwandani jana. Springi inayobana gia isitoke ilikuwa na nguvu zake zote. Akaibadilisha hivyo hivyo, kwa kukosa la kufanya.

"Mara Moja!" akaita muuza spea wa ng'ambo ya barabara. "Mbona injini ile ile iko mezani tena? Leo tukuite Mara Mbili?"

"Niite chakula kikiiva," alijibu, na vijiwe vya jirani vikacheka. Yeye hakucheka.

Aliifunga, akaiendesha, gia ikatoka. Alipoifungua mara ya tatu alishusha turubai la mbele, kazi ambayo hakuwahi kuifanya mchana kweupe tangu apate kibanda. Alifanya kazi gizani kama mwizi ndani ya kibanda chake mwenyewe.

Nyumbani, mkewe, mwalimu wa sekondari, alikuwa akisahihisha madaftari mezani alipoingia.

"Ndala nyingine iko wapi?"

Alitazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu.

"Itakuwa imebaki mlangoni."

"Hukuhisi?"

"Nina mawazo, Mwalimu."

Mkewe alitoka akaiokota. Ilikuwa mbali na mlango, karibu na bomba. Maneno alikwisha kuyamaliza. Alikwisha kusema juu ya kiu isiyokatika na kidonda cha kidole kilichokataa kupona. Alikwisha kusema juu ya hospitali. Jibu lilikuwa moja: nikimaliza kazi hii. Kilichomuuma zaidi ni majirani walioanza kunong'ona kwamba fundi anayumba, kwamba kumbe naye anakunywa. Mwanamume yule hakuonja pombe maishani mwake, na waliosema hayo walilijua hilo.

Daktari alipokuja kuchukua pikipiki, alimkuta Mara Moja ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa.

"Bado, Daktari. Ya pili inatoka. Nimeshindwa."

Neno hilo la mwisho halikuwahi kusikika pale. Daktari alimtazama kidogo, akavaa kofia, akaipanda mwenyewe. Alipanda hadi kwenye tangi na kushuka, mashimo yote, bila kupunguza mwendo.

"Mbona haitoki?"

"Haiwezekani. Nipe."

Akaondoka nayo, na Daktari akasimama kando ya shimo kubwa kumtazama. Injini ikapiga kelele mbele yake.

"Umeona?" alisema Mara Moja, karibu kwa furaha.

"Nimeona. Fundi, mguu wako uko juu ya pedali."

"Haupo."

"Tazama."

Alitazama. Kiatu kilikuwa kimelala juu ya pedali, kizito, kama kimewekwa hapo na mtu mwingine. Aliuondoa mguu kwa macho, maana kwa kuhisi hakujua ulipo.

Kibandani Daktari alishusha turubai mwenyewe.

"Vua kiatu."

"Mimi si ng'ombe wako, Daktari."

"Ng'ombe wangu wanatii. Vua, kaka yangu."

Akavua. Alipokiona kidole, Daktari alivuta pumzi. Alitoa kalamu mfukoni.

"Funga macho. Nikikugusa, sema."

Mara Moja akafumba macho. Akasikia pikipiki ikipita barabarani, akasikia muuza spea akibishana na mteja. Akangoja kwa adabu.

"Haya, Daktari. Anza basi."

Akangoja tena.

"Anza, bwana, watu watadhani tunafanya nini humu."

"Nimeshamaliza, Fundi."

Alifumbua macho. Mguu wake ulikuwa na madoa ya wino wa buluu, kutoka vidoleni hadi juu ya kifundo, mengi, kama nzi waliotua.

Alimuuliza kwa sauti ambayo wateja wake walimuulizia miaka yote: "Inatengenezeka?"

"Mimi ni wa mifugo."

"Niambie tu."

"Hospitali wanaweza kuzuia hiyo ganzi isipande. Hicho kidole sijui. Na kuhisi..." Akakifunga kifuniko cha kalamu. "Nenda leo, wakupime sukari. Nenda na mkeo."

Mara Moja alikuwa akiitazama pikipiki. "Ilikuwa nzima," alisema. "Nimepasua kitu kizima cha watu, nikarudia tena."

Daktari aliahidi hatamwambia mtu, na ahadi hiyo aliitunza. Kisha akawasha, akatoka, akashika njia ya tangi kwenda mazizini.

Mara Moja alisimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni. Aliwakumbuka wote aliowaambia wana mguu mvivu. Sasa hakuwa na mguu wa kuipimia gia, alikuwa na sikio tu, basi akasikiliza. Gia ya kwanza iliondoka vizuri. Ya pili ikaingia, na pikipiki ikafika kwenye mashimo. Hapo alijikuta anaomba, Mungu amsamehe, itoke. Itoke mara moja tu, chini ya mguu wa mtu mwingine, ili kosa liwe la chuma.

Ilishika. Ikapanda nayo mpaka juu, ikaingia ya tatu, sauti ikapotea nyuma ya tangi.

"Umeipata, Mara Moja!" alipiga kelele muuza spea kutoka ng'ambo. "Nilijua tu utaipata!"

Mara Moja aliinua mkono, kama alivyoinua siku zote akisifiwa, akaingia ndani kukusanya spana.