Dirisha Linalotazama Ziwa

Nieleze kwanza nyumba ile ilivyo, usije ukaogopa bure kama wenzangu. Iko Cyangugu ya chini, karibu na maji. Aliijenga mfanyabiashara wa zamani. Sasa rangi imepauka, bati limeota kutu, magugu yamejaa uani. Ukiitazama kwa mbele utasema haina mtu. Mtu yupo, ila anaishi chumba cha nyuma, upande wa ziwa. Ni mama fundi cherehani, ndiye aliyenishonea gauni la harusi.

Wageni wangu kutoka Kigali walitaka yale matembezi ya kitalii ya kusaka mizimu, yanayopita kwenye majengo ya zamani jioni, kabla ya giza. Nikaenda nao. Kwenye ghala la kwanza tuliona popo tu. Mbele ya nyumba ile, kiongozi wetu akainua mkono.

"Mukae kimya. Mwenye nyumba anaanza kusema."

Kweli, sauti nyembamba ikatoka nyuma ya ukuta, ikipanda na kushuka, pamoja na harufu ya ubani. Binamu yangu, mmoja wa wageni wale, akanishika mkono hadi kucha zikaniingia. Hata mimi mwili ulinisisimka. Kisha nikakumbuka kwamba ni Alhamisi.

Jirani zetu wengi Waislamu huwasomea marehemu wao Kurani Alhamisi jioni. Yule mama humsomea mumewe, aliyezama ziwani na mwili wake haukuonekana. Kaburi la kwenda kulizuru hana. Kwa hiyo huwasha ubani, hufungua dirisha, na kusoma akiyaelekea maji. Nilijua yote hayo, na ningeweza kuyasema palepale. Lakini watu walikuwa wanaufurahia woga wao, simu wameziinua, mmoja akapiga kelele, "Yesu wangu!" Nikacheka. Nina kicheko kikubwa.

Sauti ikakatika.

Wiki iliyofuata nilimpelekea sambaza wabichi, wale samaki wadogo wa ziwani. Chumba kilikuwa na joto, dirisha limefungwa.

"Karibu, binti yangu. Batu banasema mu hii nyumba muko muzimu. Ulisikia?"

"Nilisikia, Maman."

"Sasa muzimu anakulaka sambaza?" Akacheka, akawamimina samaki kwenye beseni, akaanza kuwaosha. Kisha, bila kunitazama: "Kicheko yako naijua. Ulicheka vile siku nilikupima ile robe ya harusi."

"Nisamehe, Maman."

"Kwangu si shida. Mimi naweza kusoma polepole, hata mu moyo. Lakini yeye kule mu maji, atasikia namna gani kama dirisha imefungwa?"

Niliwatazama wale samaki wa ziwa lilelile.

Siku hizi, kila Alhamisi jioni, nasimama mbele ya ua. Kiongozi akileta watu, nawaeleza taratibu kama nilivyokueleza wewe. Usiwadharau: ni watu wema, wanaelewa upesi. Simu zinarudi mifukoni, wengine wanavua kofia, na kiongozi mwenyewe sasa hupita pale kimya. Hakuna aliyewahi kunibishia. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba jambo lenyewe lilikuwa rahisi hivyo.

Wakishaondoka, mimi hubaki kidogo. Ubani unapenya chini ya mlango. Nazunguka upande wa ziwa, nakuta dirisha bado limefungwa, nami sithubutu kugonga.