Siku Baba Alipousikia Wimbo

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu umekaa mpaka karibu na adhuhuri, yakafuata manyunyu, halafu jua likatoka bila joto, kama linavyotoka huku kwetu miezi hii.

Leo mdogo wangu ameimba Lushoto mjini, uwanjani, na magitaa yake ya umeme. Masikio bado yananivuma. Mimi niliishia darasa la saba na sijui kama mambo haya yanaandikika, lakini nisipoyaandika leo, kesho nitaanza kuyapamba.

Wewe unayemsikia redioni unaijua ile sauti yake ya kukwaruza. Sisi tunajua ilikotoka. Tulikuwa tunakaa kwa bibi kule juu Magamba, shamba limegusana na msitu. Mahindi yakianza kubeba, watoto tulilinda ngedere. Mimi nilipiga debe. Yeye debe alilikataa, akawa anawafokea kwa koo lake kutwa nzima, na akichoka kufoka anawaimba: anawatukana ngedere kwa wimbo, wao na baba zao. Bibi akitutolea mahindi ya kuchoma, moshi wa kuni umemjaa kwenye kanga, alicheka mpaka akakaa chini.

"Ngedere wamemharibu koo huyu," alikuwa akisema. "Kanisani watamtoa."

Na kweli mwalimu wa kwaya alimtoa. Nimtendee haki mwalimu: kwaya ni sauti nyingi kuwa moja, na ya mdogo wangu ilikuwa haikubali kupotea kwenye za wenzake. Lakini hakumfukuza kabisa. Siku hizo umeme haujafika kijijini, magitaa ya kwaya yalipigwa kwa betri ya gari, na betri ilibidi ishushwe mjini kuchajiwa. Vijana wa vyombo walikuwa wanategeana, maana ni nzito na maji yake yanatoboa nguo. Mdogo wangu akaitwika kichwani. Kanga yake ikawa matundu matundu. Ujira wake ulikuwa huu: akiirudisha imejaa, anashika gitaa mpaka wenyewe waje mazoezini.

"Mtoto wa kike, gitaa la nini?" mpiga solo alimtania. "Utalipikia?"

"Nitalipiga mimi. Wewe utabeba betri."

Ikaja kuwa hivyo hivyo. Ila lisisahaulike hili: yule yule mpiga solo ndiye aliyemfundisha.

Sijasema kwa nini tulikuwa kwa bibi. Naona mkono wangu unaandika mengine, unalizunguka hili. Baba alikuwa anakunywa pombe ya miwa. Akiwa hajanywa, sikuona mtu wa kulima kabichi kama yeye, na tukienda sokoni alitubeba mabegani kwa zamu, akisalimia watu kama amebeba wafalme. Akinywa, alivunja kilichokuwa karibu, na mama akiwa karibu, basi ni mama. Mama akarudi kwao Korogwe. Sisi tukawa tunalala na masweta na viatu miguuni, tayari kukimbilia kwa jirani. Mpaka bibi, mama yake baba mwenyewe, alipokuja kutuchukua. Alimwambia mlangoni, "Ukiacha, uje kwangu. Usipoacha, usije hata kusalimia."

Baba aliacha. Lakini alipoacha tulikuwa tumeshakuwa wakubwa.

Mdogo wangu alishuka Tanga, akapiga na bendi za mahotelini, kisha Dar es Salaam akaunda bendi yake ya roki. Watu walimwambia makelele hayo hayana msikilizaji hapa kwetu. Wimbo uliomtoa ni ule wa watoto wanaolala na viatu. Sasa unapigwa kila mahali, na huku milimani kila mtu anajua ni wa nani. Sokoni baba akipita, muuza karoti anapunguza redio. Baba mwenyewe akisikia jina la bintiye tu, anazima. Alikuwa hajawahi kuusikia.

Jana alfajiri mdogo wangu alifika hapa nyumbani, ninapokaa na baba. Akampa shikamoo, akaketi kwenye kigoda.

"Baba, kesho watu watautaka ule wimbo. Ukisema nisiuimbe, siuimbi."

Mimi nilitaka akatae. Naandika ukweli. Baba aliendelea kuchambua maharage.

"Watu wote wanaujua," akasema. "Mimi tu ndiye sijausikia. Uimbe, mama. Ila mniwekee kiti mbele, masikio yangu siyo yale."

Basi leo akakaa mbele, na koti lake la kanisani, kofia magotini. Watu wakaanza kuudai wimbo. Gitaa lilipoanza, akina mama waliokuwa karibu walimtazama yeye, siyo jukwaa. Mdogo wangu aliuimba wote. Hakulainisha neno, hata pale pa mama. Katikati jirani akamwinamia baba.

"Mzee, twende tukanywe chai."

"Kaa chini. Sijamaliza kusikiliza."

Ulipoisha, watu wanaouimba kila siku wakawa hawajui kama wapige makofi. Baba akasimama akapiga yeye, peke yake, kisha akageukia watu akasema kwa sauti, "Ni kweli. Yote ni kweli."

Uwanja ulilipuka! Sijawahi kusikia kelele vile Lushoto, hata kwenye mpira. Mdogo wangu alijifuta uso kwa mkono wa shati, akashika kipaza sauti.

"Haya, kuna mwingine anataka nimwimbe?"

Watu walicheka mpaka wengine wakalia, au walilia mpaka wakacheka, sikuweza kupambanua. Akapiga nyimbo nyingine mpaka ukungu ukarudi, na baba hakukaa tena.

Mama nilikuwa nimempigia simu asikilize. Nikamweleza baba alivyosema. Akajibu, "Sawa," basi. Ana haki ya kuishia hapo.

Bibi hayupo. Shamba lake limeota nyumba za mabati, ngedere wameingia ndani zaidi msituni, na kanisani betri haihitajiki tena. Nikikumbuka harufu ya yale mahindi roho inaniuma. Lakini kuna kitu kimoja kimetoweka ambacho sikililii, nacho ni ile hofu ya kusikia hatua za baba uani.

Jioni tumekula ugali, maharage, na mshunga. Vijana wa bendi walikunja nyuso, maana mboga hii ni chungu kwa asiyeizoea. Kabla ya kula nilinyanyua jagi ninawishe watu, nianze na baba kama desturi. Akalichukua mkononi mwangu, akaenda kummiminia maji mdogo wangu. Mdogo wangu alisita, akanitazama, kisha akakinga mikono.